Vikao kumi na kimoja kwa mshauri wa maradhi ya hofu, Malindi

Tangu Ramadhani iishe nimeulizwa na wanawake watatu, wote kwa kunivuta pembeni: "Hebu niambie, ulikwenda wapi?" Wa tatu alingoja mpaka mwanafunzi wangu alipotoka kwenda kununua uzi ndipo akafungua kinywa. Basi naandika mara moja, asome anayehitaji. Jina la mshauri mwenyewe silitaji, maana mji wetu ni mdogo na anayeonekana akipanda ngazi zile ataulizwa. Anayelitaka aje dukani, nitamnong'oneza. Huduma yake nitaieleza yote, na bei, na yaliyoniudhi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera na mabuibui mwaka mzima, na ikifika Desemba na Januari ni sare za shule usiku na mchana. Januari ya mwaka juzi nilikuwa napiga pasi marinda ya sketi za wasichana, moyo ukaanza kwenda mbio kama cherehani ya mota iliyokanyagwa na mtoto. Vidole vikafa ganzi. Midomo ikawasha kama niliyekula pilipili. Pumzi naivuta haifiki, nikamwambia mwanafunzi wangu, "Mwanangu, nakufa," nikapiga shahada. Siku hiyo hakukuwa na habari mbaya yoyote, wala deni jipya, wala ugomvi nyumbani. Baada ya kama robo saa ikaondoka yenyewe, nimelowa jasho chapachapa, na sketi ya watu imeungua alama ya pasi nzima. Nikailipa.

Ikarudi Ijumaa sokoni. Ikarudi ndani ya tuktuk. Mwishowe nikawa siogopi soko wala tuktuk, naiogopa yenyewe, isije ikanikuta mahali nisipoweza kutoka. Nikaacha matatu. Nikaacha harusi, na fundi asiyeonekana harusini kazi zinampita. Daraja la Sabaki nikaacha kulivuka kabisa, kwa kuwa siku moja ilinipanda katikati ya daraja, malori mbele na nyuma, mto umejaa maji mekundu ya mvua. Mama yangu anakaa Mambrui, ng'ambo ya daraja hilo, mwendo wa nusu saa. Nilikaa miezi kumi na minne simwoni mpaka aje yeye, na yeye magoti yanamsumbua.

Hospitali nilikwenda mara tatu kabla ya haya. Nilipimwa moyo kwa zile nyaya za kifuani, uko sawa. Mara moja niliambiwa ni vidonda vya tumbo, mara nyingine nikaambiwa, "Umechoka, mama, pumzika." Halafu kuna duka moja la dawa ambalo liliniuzia valiam, vidonge vya kutuliza na kulaza, bila cheti cha daktari na bila kuniuliza lolote, wiki baada ya wiki. Nililala, naam. Mwezi wa tatu nikawa silali bila hizo. Hili nalisema kwa uchungu: vidonge vile vinazoeleka, na mtu aliyevizoea akivikata ghafla anaweza kudhurika vibaya. Muuzaji alijua, mimi sikujua.

Lakini kilichonichelewesha zaidi ni neno. Katika Kiswahili chetu cha kila siku ugonjwa huu tunauita wasiwasi tu, na wasiwasi tunautumia kwa lolote: nina wasiwasi mvua itanyesha, ondoa wasiwasi, usiwe na wasiwasi mzigo utafika. Nani atafunga duka aende kwa daktari kwa neno jepesi hivyo? Na sisi Waislamu tuna la pili. Ni neno lile lile la Suratun-Nas, tunapojikinga kwa Mola na shari ya mwenye kutia wasiwasi vifuani mwa watu. Basi kila niliyemweleza alinijibu moja kati ya mawili: ama "ni wasiwasi tu huo", ama "huo wa shetani, zidisha adhkari". Nikazidisha. Nikanywa kombe siku saba, aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi kisha zikaoshwa kwa maji, wala sitasema halikunipa kitu, maana siku zile nilipata utulivu kidogo. Lakini nilikuwa naswali huku nikiamini imani yangu ina tundu mahali, na hiyo ikawa hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, mwalimu wa madrasa, ndiye yeye aliyeniandikia kombe. Nilipomwendea mara ya tatu aliweka kalamu chini. "Mwanangu," akasema, "Mtume ametuambia tujitibu. Dua nitakuombea, sitaacha. Wewe nenda katafute mtu aliyesomea mambo haya."

Nikaenda mwezi wa pili mwaka jana.

Chumba kiko ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu. Ndani kuna viti viwili, feni, jagi la maji, na cheti ukutani. Kisome hicho cheti. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na mtu anayefanya kazi hii anatakiwa awe amesajiliwa. Mimi nilimwuliza kabla sijakaa, akanionyesha bila kununa. Ni mama wa makamo, Mgiriama, Mkristo. Nilimwita daktari, akanisahihisha: "Mimi si daktari, mama, mimi ni mshauri. Daktari nitakupeleka kwake." Na alinipeleka, nitafika hapo.

Kikao cha kwanza alinihoji karibu saa nzima. Nalala saa ngapi. Nani mwingine nyumbani kwetu alikuwa hivi. (Marehemu bibi yangu, nilipofikiri vizuri, alikaa miaka hatoki uani, sisi tukijua ni ucha Mungu.) Nakunywa chai vikombe vingapi. Nikahesabu: vitano vya chai ya rangi ya majani mengi, na kahawa jioni. Akaandika. Kisha akanipa maswali saba juu ya wiki mbili zilizopita, kila swali unajibu kutoka sifuri mpaka tatu: mara ngapi umeshindwa kuzuia mawazo, mara ngapi umeshindwa kutulia mwili, mara ngapi umehofu kuna baya litatokea. Jumla ya juu kabisa ni 21. Kumi na tano kwenda mbele huhesabiwa kali. Mimi nilipata 17. Nilipoiona namba nililia, na yeye aliniacha nilie. Mwaka mzima nilikuwa na kitu kisichoonekana, sasa kimepimwa kama ninavyompima mteja kiuno kwa tepe, na tepe imesema kipo.

Halafu akanieleza, na maelezo haya peke yake yalistahili nauli. Mwili una askari wake wa getini. Akiona mwizi anapuliza firimbi: moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni, pumzi inaharakisha ili ukimbie au upigane. Askari wangu mimi anapuliza firimbi kwa kila paka. Nami nisipokimbia popote, nikakaa kitini nahema, ninaitoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka, na hiyo ndiyo inayofisha vidole ganzi, inayowasha midomo, inayozungusha kichwa. Akasema kishindo chenyewe hufika juu kabisa ndani ya kama dakika kumi, kisha hushuka, utake usitake. "Askari hatumfukuzi," akasema. "Tutamfundisha paka na mwizi."

Kwa daktari wa akili nilikwenda na barua yake, nimejifunika ushungi mpaka puani nisitambulikane. Sikuhitaji. Alinituma kwanza nikapimwe damu, pamoja na tezi ya shingoni, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta moyo wa mbio na mikono ya kutetemeka. Ilikuwa salama. Akanianzishia setralini, dawa ya hofu, miligramu 25 wiki ya kwanza kisha 50, na valiam akanipangia namna ya kuzipunguza kidogo kidogo. Akaniambia mapema kwamba siku za mwanzo nitapata kichefuchefu na huenda hofu ikapanda kabla ya kushuka, na kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa. Ndivyo ilivyokuwa. Kama asingeniambia ningezitupa chooni siku ya nne. Wiki ya tano nilishtuka nimekata vitambaa vya sare nane bila kusimama kujishika mapigo ya moyo. Bado nazimeza, na siku ya kuziacha tutapanga naye. Hazikatwi ghafla.

Sasa nieleze kikao cha tano, kwa kuwa hicho ndicho wanachonishangaa watu nikiwasimulia. Mshauri alifungua droo akatoa mirija miwili, ile myembamba ya kukorogea vinywaji. Mmoja akanipa mimi. "Ziba pua, mama. Utavuta pumzi kwa huu tu, dakika moja. Mimi nitaangalia saa." Nikamwuliza kwa nini anitafutie kile nilichokimbia mwaka mzima. Akasema ndiyo sababu. Nikalegeza ushungi, nikabana pua, nikavuta. Mrija ule unaleta hewa kama uzi unavyopita tundu la sindano, kidogo, kidogo. Sekunde ya ishirini kifua kikabana. Ya thelathini vidole vya mkono wa kushoto vikaanza, na ninavijua, ni kile kidogo kwanza halafu cha pete. Nikautupa mrija chini, nikashika ukingo wa meza. "Hofu ngapi kwa mia?" Tisini. "Tungoje." Tukangoja, yeye hasemi kitu, feni inazunguka. Ikashuka. Akaokota mrija, akaupangusa, akanipa mwingine mpya. Mara ya pili nilifika sekunde arobaini na tano, hofu sabini. Mara ya tatu akautia wake mdomoni na yeye, tukavuta pamoja, nikamwona macho yanamtoka, mshipa wa shingo umesimama, na bado ameketi. Nikamaliza dakika. Arobaini.

Baadaye alinizungusha kwenye kiti cha magurudumu mpaka dunia ikageuka, akanipandisha na kunishusha ngazi mbiombio. Kila siku nyumbani nilikuwa na kazi ya mrija, mara tatu asubuhi, kabla ya kufungua duka. Nilichojifunza hapo sikukipata kwa maneno. Vidole vikifa ganzi ni vidole vimekufa ganzi. Vitaamka.

Kuna jambo moja nililiogopa kuliko mrija, nalo ni dini. Niliogopa ataniambia niache dua. Hakuniambia. Alichoniuliza, akiwa ameomba radhi kwanza, ni hiki: "Unaposoma zile aya sokoni, mama, unazungumza na Mola wako, au unakimbia?" Sikumjibu siku hiyo. Nilikwenda nalo kwa ami, nikidhani atakasirika Mkristo kuniuliza hivyo. Alinyamaza, akasema, "Swali hilo ningekuuliza mimi, ila sikujua." Sasa nasoma adhkari zangu asubuhi na jioni, taratibu, zimenirudia ladha. Ikinipanda sokoni naiacha inipande.

Yaliyoniudhi. Ukuta wa kile chumba ni ubao. Siku moja nimekaa kwenye benchi la nje nikamsikia mwanamume ndani akilia, nikajua na mimi nasikika hivyo. Nilimwambia mshauri, na kikao kilichofuata nikakuta redio inalia kwenye kile kijia cha nje, imewekwa makusudi. Imesaidia, lakini kitu kama hiki kingefikiriwa kabla ya mgonjwa kulalamika. Benchi lenyewe linaelekea ngazi, kila anayepanda anakutazama usoni. Mara mbili alichelewa, mara moja dakika arobaini, na mtu mwenye maradhi haya kungojeshwa ni adhabu. Karatasi zake za kazi ya nyumbani zilikuwa za Kiingereza. Nilimwambia wazo linalonijia kichwani saa ile halinijii kwa Kiingereza, linanijia "nitaanguka mbele za watu, buibui lifunuke". Akachukua kalamu tukaziandika upya zote kwa Kiswahili, kikao kizima kikaishia humo. Sikujuta pesa ya siku hiyo. Natumaini anazitumia kwa wengine.

Pesa: kikao cha kwanza shilingi 2,000, vilivyofuata 1,500 kwa dakika hamsini. Alipunguza mwenyewe nilipomweleza hali. Pale kwake SHA, bima ya afya ya serikali, haipokelewi, unatoa mfukoni. Kwa jumla nilitumia 17,000 bila dawa na tuktuk, nazo ni pesa za kununulia cherehani ya miguu iliyotumika, nayo nilikuwa naiwekea akiba. Mume wangu aliuliza mara moja tu kama kuna faida. Nikamjibu angoje daraja.

Daraja lilikuwa la mwisho kwenye karatasi yetu. Tulipanga ngazi tisa kutoka nyepesi: kukaa ndani ya tuktuk iliyosimama, kwenda nayo mpaka kituo cha matatu, soko siku ya Ijumaa saa nne, harusi na kukaa katikati ya ukumbi badala ya mlangoni, hivyo hivyo. Sheria moja: nisigeuze mpaka hofu ishuke nusu. Chupa ya maji niliyoibeba kila mahali kama hirizi niiache nyumbani. Na vile vidonge viwili vya valiam nilivyoficha kwenye kibindo nivitoe.

Kikao cha tisa alifunga chumba tukaenda wote Sabaki, Mei, mto umefura, bahari ya Malindi yote imekuwa rangi ya kutu kwa udongo wake. Tukashuka kabla ya daraja, tukatembea. Hatua kama thelathini ndani nikasimama, mikono inatetemeka, lori likapita chuma chote kikatikisika. Dereva wa tuktuk akatufuata polepole, akauliza, "Mama, tunangoja nini hapa?" Mshauri akamwambia, "Tunangoja ishuke." Kijana akazima injini. Sikujua kama atacheka. Alikaa kimya nasi, na ilipita kama dakika kumi na mbili kabla sijasema arobaini, na tukaendelea mpaka ng'ambo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu peke yangu. Ilinipanda pale pale, katikati, na nikaiacha, nikahesabu vyuma vya ukingo. Nilipoingia uani kwa mama yeye alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, hakuinuka. "Umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye nazi yake, akamaliza kifuu kile, kisha akanyoosha mkono akachukua nazi ya pili akaipasua.

Tangu hapo nimekwenda vikao viwili zaidi, na mara ya mwisho maswali yale saba yalinipa 5. Januari hii ilinipanda tena, mbele ya pasi, marinda yale yale. Niliisimamisha pasi kwa kisigino chake, nikasimama mikono wazi, mwanafunzi akaendelea kutia bobini kama nilivyomwelekeza. Sketi haikuungua.

Utakayeenda, omba nafasi ya asubuhi, ukiwa wa kwanza hutangojeshwa. Mwambie unataka kazi ya nyumbani ya Kiswahili. Ukiwa na vidonge vya usingizi ulivyonunua mwenyewe, mwambie siku ya kwanza, usione haya, asije daktari akapanga dawa bila kujua. Ikiwa umefika mahali pa kutotaka kuishi, usingoje nafasi ya mtu yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, uende na ndugu. Nanyi mnaonijua, dukani pangu kuna kiti nyuma ya pazia la kupimia nguo. Siku ya Ijumaa sitakuwepo, nina kanzu sita za maulidi ya Mambrui za kuwapima wenyewe, na wenyewe wako kwa mama.